Kijivu juu ya Kipese

Jumanne, 11 novemba 2025

Jana Jumatatu, saa ine za asubui, nilipoteza nafasi ya kuonesha Mulima. Ninaandika wazi ili nisijidanganye. Kura tatu kwa moja. Ile moja ilikuwa yangu.

Mulima ni logiciel yetu, programu ya ordinateur. Tuko batu bane, chumba kimoja huku Bulengera, Butembo, juu ya duka ya mipira ya pikipiki. Tuna bipimo makumi sita na ine ku bilima, kutoka Beni mpaka Lubero. Zinapima mvula na udongo. Unapatia Mulima hesabu yao, naye anachora bilima ku écran, na rangi, unazigeuza na kidole. Bleu ni maji mingi, rouge ni ukavu. Miaka mbili ya kazi. Sasa version ya kwanza inatoka, na bachercheurs, batafiti ba kilimo ba Beni, njo batakuwa ba kwanza kuipokea. Mwenye atasimama mbele yao, jina yake njo itabaki.

Balichagua Débora. Ingénieure Débora Vagheni, alisomea Kampala, anasema pole pole na kila mutu ananyamaza. Mimi Kasika nilijifunza ordinateur ku soko, kwa kufungua zile zimekufa. Nani alitafuta hii chumba? Mimi. Nani anafanya planning? Mimi. Lakini Solange, mwenye kujaribu kila kitu mbele itoke, alisema eti Papa Kasika, wewe ukionesha, unauza. Précieux, mutoto wa mathématiques, miaka makumi mbili na tatu, alisema vieux, usikasirike, ni mambo ya science tu. Nilijibu sikasirike. Nilijibu mara tatu. Ya tatu nilikuwa nimesimama.

Jumatano, 12 novemba

Plan. Nitahesabu makosa yote yenye kubaki ndani ya Mulima, nipange kwa jina, réunion ione mwenyewe nani anaharibu. Hesabu haina rafiki.

Makosa makumi ine na moja. Précieux tano. Débora nane. Solange moja, tena ya rangi ya bouton. Kisha nikaondoa yao ku jumla, kama mutu anajua kuhesabu. Ilibaki makumi mbili na saba, na tuko bane tu.

Ile karatasi niliwasha nayo makala.

Leo tena Débora alirudilia mambo ya kijivu. Bipimo yetu kumi na saba imenyamaza: ingine imeibiwa batterie, ingine imebebwa na udongo. Kwake yeye, pahali hakuna kipimo, hakuna rangi, inabaki kijivu. Sasa bilima ya Kipese yote iko kijivu, kati kati ya picha, kama kiraka ku kitako cha pantalon. Nilimwambia hakuna mutu anapokea pantalon mupya na kiraka. Alijibu, bila kuinua macho: «Papa Kasika, picha ikisema kitu hatujue, ni bongo, ni kudanganya. Hata ikiwa muzuri.»

Na remède iko! Précieux aliandika fonction moja ya kujaza bitundu: inatazama bipimo ya jirani, inakisia yenye kati. Unabonyeza ndiyo, Kipese inakuwa bleu, bleu ya muzuri kabisa. Débora alisema ile ni ya kujaribia, haitatoka na version. Tulipiga kura. Tatu kwa moja.

Alhamisi, 13 novemba

Habari kubwa. Solange alisema, akikula mukate, kama Débora anaomba kitu moja tu juu ya tarehe ya kutoka: isiwe Jumamosi 22. Ile siku ni dot, kuleta mahari, ya mudogo wake Keren. Babakwe batashuka kutoka Kipese na mbuzi, na Débora ni mukubwa wa nyumba, anapaswa kubapokea.

Niliuliza 22 kweli? 22 kabisa.

Nilinywa chai. Mutu wa planning ananyamaza, anapanga.

Ijumaa, 14 novemba

Beni. Nilibeba pikipiki mapema, barabara ilikuwa muzuri, nikafika na vumbi mpaka ku meno. Nilimuona Docteur Josaphat, mukubwa wa bale bachercheurs. Mutu wa roho muzuri sana, anacheka mbele umalize kusema. Nilimwambia équipe inapendekeza Jumamosi 22, saa ine, kisha salongo, ile kazi ya usafi ya Jumamosi asubui, Butembo. Alisema très bien, yeye mwenyewe atakuya.

Équipe haikupendekeza kitu. Lakini équipe ni batu bane, na moja yao alipendekeza. Robo. Kuko bale banatawala na robo.

Nilirudi mbele ya giza, kama kila mutu. Njiani nilisikia haya kidogo. Kilometa hamsini na kitu ni mingi kwa kukaa peke yako na kitu umefanya.

Jumapili, 16 novemba

Sasa haiwezi kugeuka tena. Imesomwa.

Mutu wa huku anajua: réunion inaweza kugeuza kila kitu, lakini kitu kikisomwa ku communiqués za kanisa, kisha kwaya, mbele ya baraka, kimesomwa. Kukiondoa, unarudi Jumapili yenye kufuata, unasimama mbele ya batu bote. Hakuna mutu anapenda. Njo maana nililetea Ancien Éphraïm, mwandishi wa kanisa, communiqué yangu jana mangaribi. Nilikuwa nimeandika: bachercheurs banaalikwa.

Éphraïm alisoma sauti kubwa: Jumamosi 22, saa ine, ku salle ya kanisa yetu, kutoka kwa logiciel Mulima, kazi ya batoto ba hapa. Batu bote banaalikwa. Kutakuwa kinywaji.

Nilimufuata ku mulango. Nilimuuliza «bote» imetoka wapi. Alinitazama kama mutu wa inchi ingine. Alisema communiqué haialike bamoja na kuacha bengine, hii ni kanisa. Na kinywaji? Alisema: «Sasa Papa Kasika, utaita batu, ubatazame tu?»

Nimeagiza casier mbili za Fanta. Chupa makumi ine na munane. Inatosha, nani atakuya kutazama hesabu ya mvula?

Jumatatu, 17 novemba

Nilifikiri Débora atapiga makelele. Nilikuwa tayari, nilipanga majibu sita.

Hakupiga makelele. Aliuliza tu kama imesomwa kweli. Nilisema imesomwa. Aliuliza kama batu balisema Amina. Nilisema balisema. Alikaa, akavua saa yake ya mukono akaiweka ku meza, akasema basi tufanye kazi, tuko na siku tano, kisha akaangalia mimi: «Utaonesha wewe. Mimi nitakuwa na babakwe. Ile tu: kijivu uieleze muzuri.»

Nilishinda. Nilipaswa kufurahi. Solange hakunisalimia mpaka muchana. Précieux alinipatia nusu ya andazi yake, na ile nusu ilinichoma kuliko Solange.

Jumatano, 19 novemba

Leo gel. Batu ba kazi yetu banajua: siku tatu mbele ya kutoka, logiciel inafungwa. Hakuna kugusa hata nukta. Unajaribu tu, unaomba Mungu. Mulinzi wa gel ni mimi, nilijichagua mu planning. Nilibandika karatasi ku mulango: HAPANA KUGUSA. Nilimukemea Précieux juu alitaka kusahihisha koma.

Kisha balienda kukula. Nilibaki na Mulima. Niliigeuza geuza na kidole, nikajiona mbele ya batu ba Beni, na Kipese kijivu kati kati. Nitaeleza nini? Kama hatujue? Mimi mutu nilitoka soko, batu banangojea nianguke, nianze na «hatujue»?

Nilibonyeza ndiyo.

Nasema wazi, iligeuka muzuri sana. Bleu juu ya Kipese yote, kama kitambaa cha siku kuu. Kugusa moja, peke yake. Mulinzi anaweza kugusa mulango yenye analinda.

Ijumaa, 21 novemba

Nimeharibikiwa.

Papa Vagheni, baba ya Débora, alipanda ngazi zetu, kofia mu mukono. Muzee wa miaka sabini na moja, hajafika hapa hata siku moja. Mimi nilifikiri anakuya kunigombeza. Nilisimama.

Alikuya kunishukuru. Alisema bao ni Bakatoliki, lakini dada yake mukubwa Mama Godelive anasali kwetu, alisikia communiqué, alikimbia kubaambia. Familia ilikaa. Balisema kitu kimesomwa mu kanisa, hata kama si kanisa yao, hakisukumwe. Basi balisukuma dot. Itakuwa muchana, Mulima ikiisha. Babakwe batatoka Kipese usiku, batafika salle moja kwa moja, batamuona Débora akionesha kazi yake, kisha bataenda nyumbani. Alinishika mikono mbili. Alisema hakujua kama ku kazi ya binti yake kuko mutu anamufikiria namna ile, anatafuta siku yenye familia yote iko pamoja.

Débora alikuwa nyuma yake ku ngazi. Alisema asanti, Papa Kasika. Macho yake yalikuwa na maji. Kweli.

Nilisema hakuna shida. Nilikaa juu ya carton ya mipira nusu saa.

Kisha nilikumbuka ile bleu. Nilipaswa kuiondoa. Lakini gel ni gel, na Solange hakutoka mbele ya machine mpaka giza. Tena nilijisemea: kama ni Débora ataonesha, afazali aoneshe kitu kizuri. Nilijisemea kama ni zawadi.

Jumamosi, 22 novemba

Salongo iliisha. Nilitazamia batu makumi tatu. Nilihesabu mia mbili na kumi na moja. Mbuzi kumi na mbili za dot haziko ndani ya ile hesabu, balizifunga inje, chini ya dirisha. Kwaya ilikuya na uniforme, juu communiqué haikusema isikuye. Fanta chupa makumi ine na munane: batu bane na kitu kwa chupa moja. Mama Godelive alileta bikombe bila kuulizwa, akapima kama dawa.

Docteur Josaphat alifika na batu bake batano. Ku mulango nilimushika mukono, nikamwambia, kwa furaha tu, kwa mazoea ya kuuza: Docteur, leo utaona kilima bila kitundu, mimi mwenyewe nimefunika yote kumi na saba. Alicheka, akasema bravo.

Papa Vagheni alinisimamisha mbele ya batu. Alisema huyu njo mutu alitupatia hii siku. Makofi. Nilikuwa na shati nyeupe. Nilitazama vifungo vyake.

Kisha Débora alifungua Mulima ku ukuta. Akageuza bilima na kidole, Butembo, Beni, Lubero, na salle yote ikavuta pumuzi. Nilisikia mama moja anauliza jirani yake kama nyumba yake inaonekana. Ilikuwa muzuri. Miaka mbili yetu, ile.

Alifika Kipese. Alisimama.

Papa Phinées, baba ya bwana arusi, aliinua mukono. Aliuliza, kwa heshima, kama ile bleu si ni mugongo wa kilima nyuma ya kwake. Donc kuko maji mingi kule? Basi mwaka huu anashusha mbegu yote ya pomme de terre upande ule, na batoto bake pia, na babakwe bote bakapiga makofi. Siku ya dot. Kila mutu alikuwa anangojea Débora aseme ndiyo. Baba yake alikuwa tayari anacheka.

Débora alisema: «Hapana, Papa Phinées. Musishushe mbegu juu ya ile rangi. Kule hatukupima. Hatujue. Ilipaswa kuwa kijivu.»

Mbuzi moja ililia chini ya dirisha.

Aligeuka kwetu, pole pole kama kawaida, akauliza Précieux kama ni fonction yake imewaka. Précieux alisema ni yake, mais yeye hakuigusa. Batu mia mbili na kumi na moja bakamutazama Précieux. Jasho ilimushuka mpaka ku shingo. Mama yake alikuwa kiti cha tatu. Hapo njo nilipaswa kufungua kinywa. Nilitazama juu, nikahesabu mabati ya salle. Kumi na munane.

Docteur Josaphat akasimama, na ile roho yake muzuri. Alisema hapana, hapana, musimuzanie huyu kijana, njo Papa Kasika mwenyewe alifunika bitundu, ameniambia sasa hivi pale ku mulango, alikuwa na furaha kabisa.

Sitaandika namna balinitazama. Papa Vagheni alivaa kofia yake ndani ya salle.

Débora alizima fonction mbele ya batu bote. Kijivu ikarudi juu ya Kipese. Papa Phinées aliitazama muda mrefu, kisha akauliza inaomba nini, mutu kuwekewa kipimo ku shamba yake. Batu ba Beni balipokea version ya kwanza na kijivu yake kumi na saba, na Docteur Josaphat alisema hajaonyeshwa kitu cha namna ile, logiciel yenye kukubali mbele ya babakwe kama haijue.

Balienda ku dot. Mimi nilipanga biti. Hakuna mutu aliniambia nipange biti.

Jumapili, 23 novemba

Éphraïm alinikuta ku mulango mbele ya culte. Alisema babakwe bawili, bale balitoka mbele Débora asahihishe, balilala kwa ndugu zao bakieneza kama Kipese iko na maji. Kitu kikitoka hapa, kinasahihishwa hapa. Na hatasoma yeye.

Kisha kwaya, mbele ya baraka, nilisimama. Nilisema rangi ya bleu juu ya Kipese haikuwa kweli. Nilisema ni mimi niliiweka. Nilisema Précieux hakufanya kosa. Kanisa lote lilisema Amina. Sijasikia Amina baridi namna ile.

Inje Mama Godelive alinishika mukono, akanisemea pole, mwanangu. Ningependa anipige.

Précieux alipita na mama yake. Alisema bonjour, vieux, kama siku zote. Mama yake aligeuza uso, na alikuwa na haki.

Jumatatu, 24 novemba

Réunion. Nilisema ninaacha kazi. Nilingojea bakatae. Solange aliuliza kama nimemaliza, ili baendelee. Débora alisema hakuna mutu anamufukuza mutu, planning ibaki kwangu, lakini gel italindwa na Précieux. Mutoto wa miaka makumi mbili na tatu atanibandikia HAPANA KUGUSA. Nilikubali. Nilistahili.

Version 1.1 itatoka na kipimo cha Papa Phinées ndani, mwisho wa janvier. Itaoneshwa Beni. Na nani? Débora. Kura tatu kwa moja.

Nimejifunza. Ninaandika ili ibaki: kutangaza mbele ya kukubaliana, hapana. Kugusa wakati wa gel, hapana. Kumuachia mutoto wa wenyewe aibu yako, hapana, hapana, hapana.

Jumanne, 25 novemba

Sikulala. Nilifanya hesabu tena, kwa utulivu.

Kutangaza haikuwa kosa. Kosa ilikuwa kutangaza kwa Baprotestanti peke. Familia ya Débora ilisukuma dot juu dot ni mambo ya nyumbani, inasukumwa. Ndoa ya kanisa haisukumwe. Na ndoa ya Keren, Solange amesema, akikula mukate, ni Jumamosi 31 janvier, saa ine, ku paroisse yao. Kutoka 22 novemba ni wiki kumi kamili. Mwisho wa janvier, sawa na planning. Mimi njo planning.

Communiqué ya paroisse yao imeshaandikwa: version 1.1, Jumamosi 31 janvier, saa ine. Hakuna «bote», hakuna kinywaji. Na juu ya kijivu: haiguswe. Lakini kijivu ya bleu bleu kidogo, yenye jicho haioni, bado ni kijivu.

Tena leo niko mutu wa wazi, sitafanya kitu kwa siri. Nimetuma message ku simu ya Débora, naikopia hapa:

«Ingénieure Débora. Ninauliza moja tu. Version 1.1, ni mimi nitaionesha, ndiyo ao hapana? Usinijibu tutaona, usinijibu tutaongea ku réunion. Nijibu mbele ya Ijumaa saa sita za muchana. Saa sita na dakika moja, niko ku mulango wa catéchiste wenu, mwenye kusoma communiqués, na karatasi mu mukono.»